Papa Wemba: mutoto wa Lubefu aliyeimba, aliyevaa na aliyecheza sinema

Ukitamka jina la Papa Wemba mbele ya vijana wa Kindu, wengi watakujibu kwa wimbo. Wazee watakujibu kwa viatu, kofia na suruali pana. Wachache sana njo watakumbuka kwamba ule mutu alikuwa pia muchezaji wa sinema, na kwamba filme yake kubwa ya kwanza, La Vie est belle ya mwaka 1987, iliangaliwa Afrika, Ulaya na hata Marekani. Wakati ule inchi yetu iliitwa Zaire, na filme zetu wenyewe za kuonyesha wageni zilikuwa za kuhesabu ku vidole.

Leo tunaeleza maisha yake tukianzia ule upande wa sinema. Tuna sababu mbili. Ya kwanza, Papa Wemba alikuwa mutoto wa jirani: alizaliwa Sankuru, jimbo linalopakana na Maniema. Ya pili, vijana wengi wa huku mashariki wanapenda kucheza michezo na kuirekodi ku simu, na wengine wanasema waziwazi kwamba wanataka kuwa wachezaji wa filme. Maisha ya Papa Wemba yanaonyesha ni kitu gani kinamufanya mutu kuwa muchezaji katika inchi isiyokuwa na kiwanda cha sinema. Yanaonyesha pia kwamba ndoto ileile inayofurahisha watu ku filme inaweza kumuingiza mutu kwenye matata inje ya filme.

Jirani yetu wa upande wa mangaribi

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jules Shungu Wembadio Pene Kikumba. Alizaliwa tarehe 14 Juni 1949 huko Lubefu, ndani ya Sankuru, katika familia ya Watetela. Kwa mutu wa Kibombo, Watetela si wageni. Wakusu wa kwetu na Watetela wa Sankuru ni ndugu: wanasikilizana luga, wanaoana, na wazee wao wanahesabu asili moja. Ni Sankuru vilevile njo alizaliwa Patrice Lumumba, huko Onalua, katika teritware ya Katako-Kombe, mwaka 1925.

Familia ya Wembadio haikukaa sana Lubefu. Wakati mutoto alikuwa bado mudogo, walihamia Léopoldville, muji unaoitwa leo Kinshasa. Baba yake alikuwa askari wa zamani wa jeshi la wakoloni. Sawa wazazi wengi wa wakati ule waliokuwa wameona faida ya makaratasi na ofisi, alitaka mutoto wake asome, apate kazi ya heshima. Muziki haukuhesabiwa kuwa kazi. Lakini nyumbani kulikuwa mwalimu mwengine, na hakuwa na ubao wala chaki.

Mama aliyelia kwa kazi

Mama yake Papa Wemba alikuwa muimbaji wa matanga. Watu wa Maniema wanajua ile kazi, hata kama siku hizi inapotea. Musiba ukitokea, wanamuita mama mwenye sauti. Anaanza kulia kwa kuimba, anataja jina la aliyekufa, anataja ukoo wake na mambo aliyofanya. Kidogo kidogo kilio chake kinafungua kilio cha wengine. Watu waliokuja na macho makavu wanaanza kutokwa machozi.

Mutoto alikuwa anamufuata mama yake kwenye matanga. Alipokuwa mukubwa na mwenye jina, alisema mara nyingi kwamba mama yake njo alikuwa mwalimu wake wa kwanza, na kwamba ile sauti yake nyembamba, ya juu, yenye huzuni hata wakati wimbo ni wa furaha, ilitoka pale.

Tunakaa kidogo hapa juu ndani ya ile kazi ya mama kuna sehemu kubwa ya kazi ya muchezaji wa sinema. Mwenye kulia matanga pengine hakumujua sana marehemu. Lakini analia kweli, mbele ya watu, kwa wakati unaotakiwa, na watu wanamuamini. Kucheza sinema ni kitu kinachofanana sana na hicho. Papa Wemba hakusomea sinema hata siku moja, lakini alikua karibu na mutu aliyejua kutoa hisia mbele ya watu bila kudanganya.

Baba yake alikufa mwaka 1966. Kijana alikuwa anaimba kanisani, na kisha akaanza kusikia mwito wa vijana wenzake waliokuwa wanapiga gitari mitaani.

Kutoka Jules Presley mupaka Viva la Musica

Mwisho wa mwaka 1969, vijana wa Kinshasa walianzisha orkesta iliyoitwa Zaïko Langa Langa. Wembadio alikuwa mumoja wa waimbaji wa mwanzo. Alijiita Jules Presley, juu ya kupenda Elvis Presley wa Marekani. Lile jina halikuendelea. Mwaka 1971 Mobutu alibadilisha jina la inchi kuwa Zaire, na kisha akaomba raia waache majina ya Kizungu. Jules akawa Shungu Wembadio, na mwishowe Papa Wemba.

Zaïko ilibadilisha muziki wa Kongo. Wazee kama Franco na Tabu Ley walikuwa na orkesta zenye tarumbeta na saksofoni. Vijana wa Zaïko waliziacha, wakaweka nguvu ku gitari na ngoma, na sehemu ya mwisho ya wimbo, ile ya kuchezesha watu, ikawa ndefu na yenye moto. Mwisho wa mwaka 1974 Papa Wemba alitoka Zaïko pamoja na wenzake, wakaanzisha Isifi Lokole, kisha Yoka Lokole. Mwaka 1977 akaanzisha orkesta yake mwenyewe, Viva la Musica.

Angalia lile neno «lokole». Ni ngoma ya muti, yenye kutobolewa ndani, ambayo Watetela na watu wengine wa musitu walikuwa wanaitumia kutuma habari kutoka kijiji mupaka kijiji. Papa Wemba aliiingiza ndani ya orkesta ya gitari za umeme. Kwa vijana wa Kinshasa ilikuwa kitu kipya. Kwa mutu wa Lubefu ama wa Kibombo ilikuwa sauti ya nyumbani.

Viva la Musica ikawa sawa masomo. Ndani yake walipitia King Kester Emeneya, aliyetoka mwaka 1982 na kuanzisha Victoria Eleison, na Koffi Olomide, aliyekuwa kwanza anaandika nyimbo.

Chifu wa Molokai

Huko Matonge, Papa Wemba alifanya kitu ambacho hakuna orkesta nyingine ilikuwa imefanya vile. Alichukua mitaa iliyozunguka nyumba ya familia, akaifanya kuwa «kijiji». Jina Molokai lilitungwa kwa kuunganisha mianzo ya majina ya mitaa: Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda na Inzia. Papa Wemba akajiita chifu wa kimila wa kile kijiji. Kilikuwa na desturi zake, salamu zake, na mavazi yake.

Mutu anaweza kucheka. Lakini fikiri: kijana aliyetolewa kijijini akiwa mudogo anajenga kijiji kingine katikati ya muji mukuu, na anajipatia cheo cha chifu ambacho pengine hangekipata kule nyumbani. Ilikuwa muchezo, na wakati uleule haikukuwa muchezo. Vijana wasiokuwa na kazi walipata fasi ya kukaa, jina, na mukubwa wa kumuheshimu.

Nguo nazo zilikuwa sehemu ya lile jambo. Katika miaka ya 1970, Mobutu alikuwa amekataza kostimi na kravati. Wanaume wa ofisi walivaa abakosti. Papa Wemba na vijana wake walivaa kinyume: suruali pana za zamani, viatu vya ngozi vyenye kungaa, kofia, kisha nguo za washonaji wakubwa wa Ulaya na wa Japani kama Yohji Yamamoto. Njo vile alikuja kuitwa mumoja wa wakubwa wa SAPE, chama kisichokuwa na ofisi cha watu wa kuvaa vizuri. Ndani ya SAPE, mutu anaweza kulala chumba kimoja na ndugu watano, lakini akitoka inje anatembea sawa waziri.

Wengine waliona ile kuwa ubishi wa kisiasa usiotumia maneno. Wengine waliona kuwa kupoteza makuta. Maoni yote mawili yana ukweli ndani. Lakini kwa habari yetu ya leo, jambo la maana ni hili: mbele hata kamera haijafika, Papa Wemba alikuwa tayari amezoea kuvaa mutu mwengine, kutembea sawa yeye, na kuangaliwa.

La Vie est belle

Kamera ilikuja kwa mukono wa mutoto mwengine wa mashariki. Ngangura Mweze alizaliwa Bukavu mwaka 1950, akasomea sinema Ubelgiji, akarudi Kinshasa. Alifanya filme ndogo juu ya muchoraji Chéri Samba mwaka 1980, na ingine juu ya muji wa Kinshasa, Kin Kiesse, mwaka 1982. Kisha, pamoja na Mubelgiji Benoît Lamy, akatengeneza La Vie est belle, ambayo maana yake ni «maisha ni mazuri». Ni moja kati ya filme ndefu za kwanza za hadithi ya kubuni zilizoongozwa na Mukongomani.

Papa Wemba anacheza Kourou, kijana masikini wa kijijini anayetaka kuwa muimbaji mukubwa Kinshasa. Anafika muji mukuu mikono mitupu. Anapata kazi ya boyi katika nyumba ya tajiri mumoja, Nvouandou, mwenye baa ya muziki. Anapenda musichana, Kabibi. Lakini tajiri naye ana shida ya kiume. Anaenda kwa muganga, na muganga anamushauri aoe musichana bikira bila kumugusa kwa muda. Musichana anayechaguliwa ni yule yule Kabibi. Kwa hiyo boyi na patroni wake wanamupenda musichana mumoja, na mumoja wao hajui. Bibi mukubwa wa tajiri naye hakubali kudharauliwa, anapanga mambo yake.

Ni filme ya kuchekesha. Watu wanajificha, wanadanganyana, wanakimbia, wanaimba. Ndani yake unaona pia Pepe Kalle na Emoro, yule muchezaji mufupi wa Empire Bakuba aliyependwa sana. Unaona Kinshasa ya wakati ule: wapangusa viatu, wauzaji wa barabarani, akina mama wanaosimamia makuta yao, watu wanaoishi kwa akili ya kila siku.

Kwa nini Papa Wemba anaaminika pale ndani? Juu Kourou ni yeye mwenyewe, akichukuliwa miaka ishirini nyuma. Mutoto wa kijijini, sauti nzuri, muji mukubwa, njaa ya kuonekana. Mwaka 1987 Papa Wemba alikuwa tayari nyota mwenye nguo za bei kali. Ndani ya filme anavua zile nguo na anavaa za boyi. Anakubali kuchekwa. Nyota wengi hawakubali kile. Wanataka kucheza tajiri, komando, ama mufalme.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia. Wachezaji wanaongea Kifaransa, hata kama mitaani mwa Kinshasa watu wanaongea Lingala. Filme iliyopata sehemu kubwa ya makuta yake Ulaya inatafuta pia masikio ya Ulaya. Lugha ya nyumbani ilibakia ndani ya nyimbo.

Kwa nini filme zake ni chache

Kisha mafanikio ya namna ile, mutu angefikiri Papa Wemba angecheza filme kila mwaka. Haikukuwa vile. Ngangura alimurudilia katikati ya miaka ya 2000 kwa filme ya nyimbo, Les habits neufs du gouverneur, iliyotolewa ndani ya hadithi ya zamani ya mutawala anayependa nguo kupita kiasi. Kwa mufalme wa SAPE, hakukuwa hadithi yenye kumufaa zaidi. Mwaka 2012 alionekana kwa jina lake mwenyewe ndani ya Kinshasa Kids, filme ya Marc-Henri Wajnberg juu ya watoto wa barabarani walioitwa wachawi na familia zao, wanaoamua kuunda orkesta. Alifanya kazi zingine za sinema, lakini hata ukiziweka zote pamoja, ni chache kwa mutu mwenye jina kubwa vile.

Sababu haikukuwa talanta. Sababu ilikuwa namna sinema ilivyotengenezwa. Wakati ule filme zilipigwa ku mukanda. Mukanda wa milimita 35 wenye urefu wa metre 300 hivi unaenda kwa dakika 11 tu, halafu unapaswa kuweka mwengine. Muchezaji akikosea maneno, ule mukanda umekwisha kutumika, hauwezi kufutwa. Kisha inapaswa kuusafisha katika laboratware, na laboratware za namna ile zilikuwa Ulaya. Kwa hiyo Mukongomani hangeweza kumaliza filme ndefu bila mushiriki wa inje. Ngangura mwenyewe, baada ya La Vie est belle, alingoja mupaka mwaka 1998 kwa kutoa Pièces d'identités, filme iliyopata zawadi kubwa kuliko zote, Étalon de Yennenga, kwenye FESPACO ya Ouagadougou mwaka 1999. Miaka kumi na moja kati ya filme mbili, kwa mutu aliyekuwa kati ya wakubwa wa Afrika!

Tena, filme ikimalizika, ionyeshwe wapi? Katika miji yetu, nyumba nyingi za sinema zilifungwa ama zikawa makanisa. Mutengenezaji hapati makuta ya tiketi ya kumusaidia kuanza filme ya pili. Kwa mwanamuziki mambo yalikuwa tofauti: anaweza kuimba leo jioni na kupata kitu leo jioni. Njo maana Papa Wemba aliishi kwa muziki, na sinema ikabakia kazi ya mara kwa mara. Alihamia Paris katika miaka ya 1980, akarekodi na kampuni ya Peter Gabriel, Real World, akatoa Le Voyageur mwaka 1992 na Emotion mwaka 1995, akazunguka dunia.

Linganisha na Steven Kanumba wa Tanzania, ambaye watu wengi wa Maniema na Kivu wanamujua kwa sura kuliko Ngangura. Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984 na akakufa tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu. Katika muda mufupi vile alicheza filme nyingi sana, na alishirikiana hata na Wanigeria, sawa vile katika Dar to Lagos. Si kwamba alikuwa na nguvu kuliko Papa Wemba. Alifika wakati wa video na wa diski: kamera ndogo, hakuna laboratware, filme inauzwa sokoni, na lugha ni Kiswahili ambacho watu wanasikia mupaka kwetu.

Ndoto ya Kourou inje ya filme

Sasa tunafika ku sehemu nguvu ya kueleza. Kourou ndani ya filme aliacha kijiji akienda Kinshasa. Vijana wa Kinshasa, wao, walitaka kuacha Kinshasa waende Ulaya. Na mutu aliyekuwa amewaonyesha Paris kwa nguo na kwa nyimbo alikuwa Papa Wemba.

Orkesta ikialikwa Ulaya, waimbaji na wachezaji wanaombewa viza pamoja. Pale njo biashara ilizaliwa: kumuweka ku orodha mutu asiyejua hata kushika gitari, kwa malipo. Kinshasa walikuwa na neno kwa watu wanaopitishwa vile: «ngulu», maana yake nguruwe. Si Papa Wemba peke yake aliyeshitakiwa kwa jambo lile, lakini yeye alikuwa jina kubwa zaidi.

Mwezi wa Februari 2003 alikamatwa Ufaransa. Alikaa gerezani zaidi ya miezi tatu, mupaka Juni, alipofunguliwa kwa kulipa dhamana. Mwezi wa Novemba 2004 tribinali ya Bobigny, karibu na Paris, ilimupatia hukumu ya miezi 30 ya gereza, lakini sehemu kubwa yake ikiwa ya kungojea, kwa hiyo hakurudi ndani. Alilipishwa pia faini ya euro 10.000. Alisema kwamba ndani ya gereza alirudilia Mungu, na akatoa wimbo wenye jina la namba ambayo mufungwa anapewa akiingia, Numéro d'écrou.

Kuna watu waliosema aliwasaidia vijana kutoka katika taabu. Kuna wengine waliosema aliuza ndoto yao. Tribinali ilihukumu kufuatana na sheria ya Ufaransa, na ile hukumu inabakia ndani ya historia yake. Hakuna faida ya kuificha kwa sababu ya kumupenda. Lakini pia haifai kuisoma bila kuuliza swali la pili: ni kitu gani kilifanya kijana akubali kuitwa nguruwe ili atoke kwao? Vijana wa Maniema wanaojua barabara ya kwenda Kinshasa, ama ya kwenda kwenye machimbo, wanaweza kulijibu wenyewe.

Ku jukwaa mupaka mwisho

Jua lilikuwa bado halijatoka, Siku ya Mungu tarehe 24 Aprili 2016, wakati Papa Wemba alianguka akiwa anaimba ku jukwaa la FEMUA, sikukuu ya muziki ya Abidjan, Côte d'Ivoire. Alikufa akiwa na miaka 66. Wachezaji wake walikuwa bado wanacheza nyuma yake wakati alianguka; hawakuelewa mara moja.

Mwili ulirudishwa Kinshasa. Watu walikuja kumuaga kwenye Palais du Peuple, serikali ikamupatia medali ya heshima, na akazikwa huko Nsele tarehe 4 Mei. Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo kati ya urizi wa dunia. Yeye hakuiona ile siku, lakini jina lake lilitajwa kila fasi.

Kitu gani vijana wetu wanaweza kuchukua

Watu wanasema Papa Wemba alikuwa na kazi ine: muimbaji, mutu wa mavazi, chifu wa Molokai, muchezaji wa sinema. Ukiangalia vizuri, unaona kazi moja tu: kusimama mbele ya watu na kuwafanya waamini. Aliipata kwa mama yake kwenye matanga, mbele ya kuipeleka ku orkesta na ku kamera. Kwa hiyo kijana wa Kindu anayetaka kucheza filme asifikiri kwamba anapaswa kungoja masomo ya Kinshasa ama ya Ulaya njo aanze. Muhadithiaji wa kijijini, mama muimbaji wa kilio, kikundi cha kuchezesha michezo kanisani ama shuleni, ile yote ni masomo.

Kikwazo cha mukanda na laboratware hakiko tena. Simu inafanya ile kazi. Na mutu wa leo hahitaji kuacha lugha yake: filme ya Kiswahili iliyopigwa Kindu inaweza kueleweka Kisangani, Bukavu, Kalemie, Bujumbura na Dar es Salaam. Ile njo nafasi ambayo Kourou hakuipata.

Vikwazo vingine bado viko: umeme, fasi ya kuonyesha, na watu wanaonakili kazi ya wengine bila kulipa. Mbele ya kuanza, wale wanaocheza pamoja waandike kwa karatasi nani anafanya nini, na nani atapata nini kama kazi inaleta makuta. Orkesta nyingi za Kinshasa zilipasuka juu ya ile karatasi isiyoandikwa. Na kama mutu anakuja na ahadi ya kuwatoa inje kwa ajili ya muchezo, ombeni kuona mwaliko, jina la mualikaji na viza yenyewe mbele ya kutoa hata franga moja.

Kwa wale ambao hawajaiona La Vie est belle, itafuteni. Angalieni namna ule nyota anavyokubali kuwa boyi, anavyotembea, anavyonyamaza wakati patroni wake anaongea. Kisha muwaulize wazee wenu wa Kibombo kama wanakumbuka nyimbo ambazo akina mama wa kwao walikuwa wanaimba kwenye matanga, na muzirekodi wakati wenye kuzijua wangali wako.